Mchoro wa mwili mzima: namna ya kumsaidia mtoto wa miaka 4 hadi 8 kuukubali mwili wake

Mtoto wa chekechea anajichora. Akifika usoni anachukua krayoni ya pinki. Ukimuuliza mbona pinki, anakujibu bila kusita: "Hii si ndiyo rangi ya ngozi?" Mwenzake amechora kichwa kitupu kwa kuwa ameambiwa nywele zake ni za kipilipili. Wa tatu amechora watu wote wa nyumbani, yeye mwenyewe hayumo.

Hapo ndipo wazazi na walimu huuliza swali lilelile: nimwambie nini? Wengi hukimbilia kumsifu: "Wewe ni mzuri sana, mwanangu." Sifa hiyo haina ubaya, ila haimfikishi mbali. Akitoka nje, mtu mmoja tu akimwita "kibonge" au "mweusi kama chungu", sifa yako inakuwa neno moja dhidi ya neno jingine. Anachohitaji ni kuujua mwili wake kwa macho na mikono yake mwenyewe: autaje, auchore, auchanganyie rangi, asimulie unachoweza. Kazi yako ni kuuliza na kutaja unachokiona. Brashi ishikwe na mtoto.

Mwongozo huu unahusu zoezi moja, mtoto kujichora mwili mzima kwa kimo chake halisi, linalogawanywa katika vipindi vinne vya dakika 30 hadi 40. Usilimalize kwa siku moja. Mtoto wa miaka minne huchoka upesi, na akichoka ataanza kupaka ovyo na kuichukia picha.

Unachohitaji

- Manila 2 kwa kila mtoto, zilizounganishwa kwa selotepu upande wa nyuma. Mtoto wa miaka 5 huwa na urefu wa kama sm 105 hadi 115, hivyo manila moja haimtoshi. Karatasi ya kaki au migongo ya kalenda za zamani inafaa pia. Mifuko ya saruji usiiguse hata kama ni ya bure: vumbi linalobaki ndani huunguza ngozi na macho.
- Penseli, na makapeni moja nyeusi yenye ncha nene.
- Rangi za maji: nyekundu, njano, bluu na nyeupe. Nyeusi iache dukani. Sababu utaiona hatua ya 4.
- Vifuniko vya ndoo au sahani kuukuu za kuchanganyia, kijiko cha chai, na brashi. Kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha ni brashi nzuri kabisa.
- Kioo kinachotosha uso mzima wa mtoto.
- Vipande vya kitenge na kanga, na uzi mweusi wa kusukia nywele.
- Gundi ya unga. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano katika kikombe 1 cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha vikombe 2 vya maji, mimina mchanganyiko huo polepole huku ukikoroga, kisha uache kwenye moto mdogo dakika 3 hadi 5 mpaka uwe mzito kama uji wa kulamba. Tia kijiko 1 cha chai cha chumvi. Tumia ndani ya siku mbili. Ikinuka uchachu, mwaga.

Huna rangi za dukani? Tengeneza za udongo. Tafuta udongo mwekundu, wa kahawia na wa njano, uanike ukauke, uponde, kisha uchekeche kwa kitambaa chepesi. Vijiko 2 vya unga wa udongo kwa kijiko 1 cha gundi, ongeza maji kidogo kidogo mpaka ipakike. Nyeupe ipate kwenye chaki iliyolowekwa usiku kucha na kupondwa ikiwa mbichi, ili vumbi lisimwingie mtoto puani. Usitumie chokaa ya kujengea, inaunguza. Manjano ya jikoni hutoa njano kali, lakini hupauka juani, na ikikutana na sabuni hugeuka nyekundu. Mvishe mtoto nguo kuukuu.

Hatua kwa hatua

1. Sikiliza kinywa chako kwa siku mbili. Kabla hujafungua rangi, hesabu mara ngapi unasema mbele ya mtoto: "Nimenenepa jamani", "Huyu kachukua pua ya baba yake, bahati mbaya", "Usicheze juani utakuwa mweusi." Mtoto hukusanya maneno haya yote, na siku ya kuchora yatatoka kwenye karatasi. Zungumza pia na bibi, shangazi na dada wa nyumbani. Huna haja ya kuwahutubia. Waambie tu kwamba wiki hii mtoto anajichora na kwamba utani wa mwili usimame kwanza.

2. Tajeni viungo mbele ya kioo. Hiki ni kipindi cha kwanza, na hakuna kuchora. Mtoto ajiangalie, kisha mshindane kutaja. Macho, pua na mdomo atayamaliza haraka. Mpeleke mbali zaidi: nyusi, kope, ndewe ya sikio, kwapa, kiwiko, kiganja, kitovu, muundi, shavu la mguu, kisigino, unyayo. Watoto wengi hawajui kwamba nyama iliyo nyuma ya muundi ina jina, na wakilipata huligusa na kulirudia kutwa nzima. Kitu chenye jina si rahisi kukionea aibu. Sehemu za siri nazo zina majina. Akiuliza mtajie kwa utulivu, na umweleze kwamba ni zake, hazichezewi na mtu, na kwenye picha yetu zimevaa nguo.

Kisha tega vitendawili. Anza na cha wazee: "Popoo mbili zavuka mto." Macho! Halafu mwache atunge vyake. Mpe mfano mmoja tu, kama "Ninao vijana kumi, wote wamevaa kofia ngumu" (vidole na kucha), kisha nyamaza. Cha mtoto kinaweza kisiwe na mizani wala fumbo. Kipokee hivyo hivyo, uliza "Tega tena", na ukiandike pembeni. Utakihitaji hatua ya 7.

3. Chora mzingo wa mwili. Tandika karatasi sakafuni, ikazwe kwa selotepu pembe zote. Muulize: "Nikuzungushie penseli, au hutaki kuguswa?" Jibu lolote ni sahihi. Akikubali, alale chali, mikono iachane na mwili, miguu ipanuke kidogo. Mwambie achague mkao wake: wa kuruka, wa kucheza, wa mkono kiunoni.

Hapa kuna kosa linaloharibu zoezi zima bila mtu kulitambua. Ukiinamisha penseli kwa nje, mzingo unakuwa mpana kuliko mtoto. Shikilia penseli wima kabisa, na nguo zilizotuna zibane mwilini kwa kanga. Hata hivyo picha itatoka nene kidogo, kwa kuwa mwili ukilala hutanuka na penseli yenyewe ina unene wake. Mwambie mapema: "Picha hutoka kubwa kuliko mtu, ya kila mtu." Usipomwambia, akiinuka atatazama mchoro na kusema, "Kumbe mimi mnene hivi?"

Kati ya miguu usipite. Ishia juu kidogo ya goti kila upande, kisha mtoto akisimama aunganishe mwenyewe kwa kaptura au sketi.

Asiyetaka kuguswa mchoree kivuli. Karibu saa 3 asubuhi au saa 9 alasiri, kwetu huku karibu na ikweta, kivuli hukaribia urefu wa mtu mwenyewe. Saa 6 mchana ni kidoa tu miguuni. Kwa mtoto mwenye ualbino usitumie jua. Tumia taa ya mezani au tochi na karatasi ubandike ukutani: mtoto asimame jirani na ukuta, taa iwe mbali, la sivyo kivuli kitavimba.

Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu aulizwe kama anakitaka kwenye picha. Wengi wanakitaka, na wanataka kipakwe rangi kuliko kitu kingine chochote. Asiye na mkono mmoja achorwe kama alivyo. Usimkamilishie mkono kwa huruma. Utakuwa umemwambia kwamba picha sahihi ni ya mtu mwingine.

4. Changanya rangi ya ngozi. Kipindi hiki kipe muda kuliko vyote, na usimchanganyie mtoto.

Weka njano vijiko 2, nyekundu kijiko 1, koroga ipatikane rangi ya chungwa. Tia bluu kwa ncha ya kijiti, si kwa kijiko. Koroga. Itaanza kuwa kahawia. Kuanzia hapo:

- Ikiwa bado ya chungwa, ongeza bluu tone moja.
- Ikielekea kijani, bluu imezidi. Rudisha kwa nyekundu.
- Ikihitaji kung'aa zaidi, njano kwanza, kisha nyeupe kidogo.
- Ikihitaji kukolea, ongeza nyekundu na bluu kwa pamoja.

Nyeusi na unga wa mkaa huifanya kahawia kuwa ya kijivu, kama ngozi iliyopauka kwa vumbi. Mtoto mweusi akipakwa kijivu atajiona amekufa kwenye karatasi. Weusi wa ngozi una wekundu na ubuluu ndani yake, na ndiyo maana unatafutwa kwa rangi hizo.

Kwa mtoto mwenye ualbino anza na nyeupe vijiko 2, njano robo kijiko, na nyekundu kwa ncha ya kijiti.

Sasa kata vijikaratasi vya upana wa vidole viwili. Mtoto apake kimoja, asubiri dakika moja kikauke, kisha akilaze ndani ya mkono wake. "Bado." Anaongeza nyekundu. Anajaribu tena, safari hii juu ya mkono, na kugundua kwamba juu ni kweusi kuliko ndani, kiganja kina rangi yake, na goti lina rangi yake. Usimharakishe hapo. Wengine hujaribu vijikaratasi saba au nane kabla ya kusema "Hii hapa!" Kile kilichopatia kiandikwe jina nyuma, na rangi ipewe jina atakalo mwenyewe: chai ya maziwa, kahawa tungu, ukwaju, korosho ya kukaanga, mti wa mpingo. Jina alichague yeye. Ukimpa wewe "chokoleti", litabaki lako.

Akiuliza kwa nini yeye ni mweusi kuliko dada yake, jibu fupi linatosha: ngozi ina kitu kinachoitwa melanini kinachoipa rangi na kuikinga na jua. Kila mtu ana kiasi chake, na watoto wa mama mmoja na baba mmoja wanaweza kutofautiana. Mwenye ualbino ana kidogo sana au hana, ndiyo maana anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua.

5. Paka. Tabaka moja jembamba, likauke, kisha la pili. Tabaka nene hupasuka na kubanduka. Mtoto akivuka mstari, mwache. Ukichukua brashi "kumsawazishia", picha imeshakuwa yako.

6. Nywele, nguo na alama. Nywele ndizo zenye maneno mengi, basi zifanyeni kwa mikono. Zungushia uzi mweusi kwenye penseli kwa kubana, upake gundi ya unga, uache ukauke kwa saa chache, kisha chomoa penseli. Utabaki na msokoto unaoruka kama springi. Mtoto akiubandika kichwani pa picha hushika na nywele zake kulinganisha, na hapo unaweza kusema kile unachokiona tu: "Nao unajikunja, kama zako." Waliosuka twende kilioni wasuke nyuzi tatu tatu na kuzilaza. Mwenye hijabu akate kitambaa. Mwenye upara wa shule apigwe vidoti kwa ncha ya kijiti.

Kovu, baka, alama ya kuzaliwa, pengo la jino: uliza, usielekeze. "Kuna alama yoyote unataka iwepo?" Akisema ndiyo, mpe rangi yoyote, hata dhahabu. Akisema hapana, pita. Mapengo huwa na furaha nyingi kwa wa miaka 6 na 7, kwa sababu ndio umri wa meno ya utotoni kuanza kutoka, na anayeitwa "kibogoyo" hugundua kwamba darasa zima ni vibogoyo.

Pwani watoto hupenda kumalizia kwa maua ya hina mikononi. Hina ya majani pekee haina neno; hutoka rangi ya chungwa hadi kahawia. Piko usimpake mtoto. Ile nyeusi inayoshika papo hapo hutokana na rangi ya kutia nywele weusi, na inaweza kumtoa malengelenge na kumwachia kovu. Maua meusi yachorwe kwenye karatasi kwa makapeni.

7. Mwili unafanya nini? Kipindi cha mwisho. Gusa goti la picha, uliza, "Hili linafanya kazi gani?" Andika jibu hapohapo juu ya goti, kwa maneno yake, bila kusahihisha. "Magoti yangu yanapanda mwembe." "Tumbo langu linacheka." "Mikono yangu inambeba Zuwena." Mtoto mwenye mguu usiotembea atasema unachofanya mguu wake, au atakuambia haufanyi kitu na yeye hutambaa haraka kuliko paka. Andika hivyo. Kitendawili chake cha kipindi cha kwanza kiandike kwenye paji la uso au kifuani, atakapo.

8. Tundika. Ukiwa na watoto wengi, changanya picha. Usizipange kwa kimo wala kwa weusi. Jina la rangi liandikwe chini ya kila picha. Ning'iniza kwenye usawa wa macho ya mtoto, sio yako.

Makosa yanayojirudia

Kulinganisha ndilo kubwa, hata kwa nia njema: "Tazama Juma alivyopaka vizuri." Kupima uzito au kiuno kama sehemu ya zoezi, usijaribu kabisa. Usisome "maana" kwenye picha pia. Mtoto wa miaka mitatu hadi minne huchora kichwa kinachotoa miguu moja kwa moja; kiwiliwili huja baadaye, na si dalili kwamba anauchukia mwili wake. Picha ndogo kwenye kona mara nyingi ina maana kwamba alianza konani. Na kama unampaka mwanao mafuta ya kung'arisha ngozi, zoezi hili halitafua dafu. Acha mafuta hayo kwanza. Mengi yana zebaki au dawa kali zinazodhuru ngozi na figo.

Ikikwama

*Anang'ang'ania pinki.* Mpe. Baada ya kupaka, mletee kijikaratasi kimoja cha pinki na kimoja cha rangi aliyochanganya, avilaze vyote mkononi. Usiseme kitu. Wengine hubadilisha papo hapo, wengine baada ya wiki kadhaa. Na kama leo anataka kuwa wa zambarau kwa kuwa ni rangi ya shujaa wake, huo ni mchezo wa kawaida. Rudini kwenye ngozi siku nyingine.

*Anaichana au kuifuta picha.* Sema, "Umeikasirikia." Mpe karatasi nyingine, achague kuanza upya au kuchora mkono mmoja tu. Mkono mmoja ukifanikiwa, mwili mzima utafuata.

*Wenzake wanamcheka.* Simamisha kazi. Usimtetee kwa kumsifu aliyechekwa, utamwongezea macho ya watu. Warudishe wote kwenye sheria moja: tunataja tunachokiona, hatutaji ubaya wala uzuri. "Tumbo lake liko mbele" inaruhusiwa kusemwa na mwenye tumbo peke yake.

*Haoni vizuri.* Watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Mkalishe kivulini, karibu na karatasi, mzingo uwe wa makapeni nene, na kioo akishike mwenyewe karibu na uso.

*Mzazi ameiona na kusema, "Mbona umejichora mweusi hivyo?"* Mjibu mzazi mbele ya mtoto, kwa upole: "Ameitafuta rangi hii mwenyewe, mama, ameijaribu mara saba." Kisha mwombe mtoto amwonyeshe kijikaratasi kwenye mkono.

*Rangi inabanduka.* Gundi ilikuwa chache au tabaka nene. Kwangua, changanya upya kwa gundi nusu kijiko zaidi. Ukiona ukungu, karatasi ilikunjwa kabla ya kukauka; anika siku nzima kivulini.

*Anasema jambo zito.* Wakati wa kutaja viungo mtoto anaweza kueleza kwamba mtu humgusa au humuumiza. Usishtuke mbele yake, usimhoji kwa maswali mengi, usimwahidi siri. Mwambie amefanya vizuri kukuambia, andika maneno yake kama alivyoyasema, na upige 116, simu ya bure ya watoto Tanzania, Kenya na Uganda.

Tafuta pia msaada wa daktari au mshauri nasaha ukiona anakataa chakula ili apungue, anajisugua ngozi kwa jiwe au dodoki mpaka inachubuka, anajing'oa nywele, au anajifunika sweta kwenye joto kali wiki baada ya wiki.

Picha iliyokamilika usiikunje. Iviringishe, uifunge kwa uzi, uandike tarehe na kimo chake kwa nje. Mwaka unaofuata mlaze juu yake tena, umzungushie penseli ya rangi nyingine.